Hamira ya Waridi

"Shangazi, mkate umetolewa kabla haujaumuka."

Redio ilisema hivyo mara moja, ikanyamaza.

Huyo mtu anayetunga mafumbo ya ofisini lazima alikuwa anakuja kazini na njaa. Mwezi uliopita kila kitu kilikuwa sukari. Sasa ni mikate. Zamani Shangazi angemtania mpaka mchana, lakini zamani ilikuwa imepita. Alikuwa ameshakaa juu ya Yamaha, kofia ngumu kichwani, Glock ubavuni, redio ya Motorola imebanwa begani. Macho yake yalikuwa kwenye lori jeupe lililokuwa likikata mbio kuelekea kiwanja kidogo cha ndege.

"Nimeuona," alijibu. "Lori la kiwanda cha mikate. Isuzu, lina friji. Nyuma yake Mercedes nyeusi."

"Tai yumo?"

"Yumo."

"Nataka mzigo kwanza. Mtu baadaye."

"Sawa, Mkuu."

Mkuu alikuwa bosi wake: sauti na kikohozi, basi. Yeye ndiye aliyempachika jina la Shangazi. Siku ya usaili alimuuliza ana nani hapa duniani, naye akajibu ana watoto wa mdogo wake. Jina likaganda palepale.

Aliongeza moto.

Lori likayumba kushoto. Mercedes ikasogea kulia kumziba njia. Kioo cha nyuma kikashuka, mkono ukatoka, na mkononi kulikuwa na bastola.

Paa!

Kioo cha pembeni cha pikipiki kikaenda zake.

Mtu mwingine angeshtuka. Shangazi aliinamia usukani tu. Moyo wake ulidunda kama wa mtu anayesubiri chai ipoe. Na tusimpambe, jamani, hakuwa shujaa. Alikuwa amekufa ganzi. Tangu walipomzika binti mkubwa wa mdogo wake mwaka uliopita, kitu ndani yake kilizimika na hakuna aliyejua swichi iko wapi. Kazini ganzi ilimfaa. Nyumbani ilikuwa balaa tupu. Alikula bila kuonja. Watu wakimwambia pole, alijibu asante kama anayeitikia hodi.

Lakini binti wa pili alikuwa bado hai. Walimwita Kadogo. Ugonjwa wake ulikuwa uleule wa dada yake, na tumaini lake lote lilikuwa ndani ya lori lile.

Lilikuwa hamira.

Usicheke. Hamira hiihii inayoumua unga. Ndani ya kila chembe ya hamira, kama ndani ya kila chembe ya mwili wako wewe, kuna vinu vidogo vya kutengeneza nguvu. Wasomi wanaviita mitokondria. Kinu hakiendi bila protini, na protini karibu zote zinatengenezwa nje yake, kwa hiyo lazima zipite mlangoni ziingie. Mlango huo unajengwa kwa maelekezo ya jeni. Mojawapo ya jeni hizo ina jina la herufi na namba ambalo halikaliki mdomoni, na pale maabara waliibatiza Bawabu. Bawabu akiwa mzima, protini zinaingia. Akiwa mbovu zinarundikana nje, na kinu kinalala na njaa.

Kadogo alizaliwa na Bawabu mbovu. Masikio yalitangulia kuzima, ikafuata miguu. Sasa ilikuwa zamu ya mikono, naye amelazwa wodini.

Kulikuwa na mtafiti mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya kukemea, ambaye wenzake walimwita Mama Hamira. Huyo aliuchukua ubovu wa Kadogo, uleule, akaupandikiza kwenye Bawabu wa hamira. Hamira ikaugua. Ikaugua miezi na miezi, mpaka siku moja, kwenye kisahani kimoja, mojawapo ikapona yenyewe. Ilikuwa imejitafutia njia ya kuufungua ule mlango. Mama Hamira alimpigia Shangazi simu huku analia. "Nikijua imefanyaje," alisema, "nitajua cha kumpa mtoto wenu."

Kabla hajajua, maabara ikaibiwa. Visahani vyote vikabebwa. Jokofu la akiba, lenye mbegu zilizogandishwa, lilikutwa limezimwa na kumwagiwa maji ya moto, waya wa kengele yake umekatwa kwa ustadi. Kilichobaki duniani kilikuwa kile kilichoibiwa.

Na Tai? Jina alilipata kwa ile tai shingoni, jua liwake lisiwake. Alikuwa mtu wa kampuni moja ya nje iliyouza sindano za kuchelewesha ugonjwa huo. Kuchelewesha, si kuponya. Mgonjwa anachomwa sindano maisha yake yote, na kampuni inakula maisha yake yote. Hamira iliyopona ilikuwa sumu kwa biashara hiyo. Walitaka ipande ndege, wakaichunguze siri yake, kisha ichomwe moto huko mbele ya safari, isisikike tena.

Barabara ikaingia kwenye kona. Shangazi akashuka pembeni, kwenye kokoto. Vumbi likamfunika.

Akaipita Mercedes.

Akalipita lori.

Mkono mmoja ukaingia kwenye mfuko wa kiunoni, ukatoka na kitu ambacho mafundi wa idara walikiita Ulimi. Ulikuwa mkanda mwembamba wa chuma unaojikunjua wenyewe barabarani, misumari imekaa juu. Akaudondosha, hakugeuka nyuma.

Lori lilikanyaga kwanza. Tairi zikalia, likaserereka, likasimama kimshazari limeziba barabara nzima. Mercedes ikafunga breki. Haikuwahi. Ikalala mtaroni, pua chini, matako juu.

Tai alitoka kwa kupitia dirishani. Vumbi kichwani, damu puani, tai imenyooka vilevile.

"Mama, tunaweza kuzungumza," alisema kwa Kiswahili safi cha darasani.

"Zungumza."

Akainua bastola.

Glock ilikohoa mara moja. Bastola ya Tai ikaanguka na Tai akaifuata, ameshika bega. Shangazi akaipiga teke ile bastola, akamfunga pingu kwenye mlango wa lori, akamkaza kitambaa begani asije akafa kabla ya kuhojiwa. Alifanya hayo yote kama mtu anayeanika nguo.

Dereva wa lori alikuwa ameshapiga magoti barabarani mikono juu, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Mimi dereva tu, dada yangu! Naendesha tu! Hata hamira yenyewe siielewi!"

"Katoni ipi?"

"Ile yenye utepe wa gundi wa bluu. Kule nyuma, upande wa kushoto."

Ndani ya lori kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Katoni zilipangwa mpaka darini, zote za hamira ya kiwandani. Ile ya gundi ya bluu ilikuwa na vipakti vidogo vya karatasi ya mafuta, vimekunjwa vizuri kama zawadi. Walikuwa wameikwangua hamira ya maabara na kuifunga hivyo, kwa sababu visahani vingeshtukiwa kwenye ukaguzi. Nani angepekua hamira katikati ya hamira?

"Mkuu. Mzigo ninao. Mtu ninaye."

"Safi sana." Kikohozi. "Vijana wako njiani. Mpigie Mama Hamira, amenitoa roho tangu asubuhi."

Akatoa Nokia yake. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Umezipata?"

"Ninazo mkononi, dada."

"Ee Mungu wangu, asante. Fungua moja. Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyingine?"

"Nyeupe."

"Fungua zote."

Shangazi alifungua zote, moja baada ya nyingine, vidole vinaganda. "Zote nyeupe, dada."

Upande wa pili kiti kikasikika kikivutwa.

"Nisikilize vizuri," Mama Hamira alisema. "Hii hamira nimeitia alama. Vinu vyake vikifanya kazi inageuka rangi ya waridi. Vikilala inabaki nyeupe. Hao wote ulionao ni wagonjwa. Aliyepona ni mmoja tu, na huyo ni wa waridi. Umeshika wodi nzima mkononi ila mtu wetu hayumo."

Shangazi akaruka chini. Akamwinamia Tai.

"Ya waridi iko wapi?"

"Zote ziko humo," Tai alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Niliagiza zifungwe zote."

Dereva akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeomba ruhusa.

"Ile ya pinki? Ile Mwokaji aliitupa."

Wote wawili walimgeukia.

"Aliitupa?" aliuliza Tai, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu wa kawaida.

"Alisema imeoza. Mzee yule ndivyo alivyo, bosi. Akiona doa la pinki kwenye hamira anatupa, hata umlilie. Nilimwambia mzee wangu, bosi kasema zote. Akanijibu yeye hafungi uozo kwenye karatasi yake, hata kama ni uozo wa wezi. Akaibwaga kwenye ndoo ya makombo, kule uani."

Tai alifumba macho. Akaanza kucheka, cheko la chinichini, mpaka bega likamkatisha. Mtu amevuka nchi ngapi, amehonga, ametishia, amevunja maabara, halafu kibarua wake mwenyewe anakitupa kile alichokijia. Hata mimi ningecheka.

"Ndoo?" Simu ilikuwa inapiga kelele. "Ndoo gani? Ndoo hiyo wanaifanya nini?"

Shangazi akamtazama dereva.

"Wakimaliza kuoka awamu ya mchana wanaosha vyombo," dereva alisema. "Kwa maji yanayochemka. Mzee hataki mchezo na usafi."

"Awamu ya mchana inaisha saa ngapi?"

Dereva akaangalia jua, akaangalia chini. "Si ndiyo sasa hivi."

"Maji hayo yakiigusa," alisema Mama Hamira, "ndiyo basi tena. Sina nyingine. Unanielewa? Sina pa kuanzia."

Shangazi alikuwa ameshaiwasha pikipiki.

"Mkuu, mzigo halisi umebaki kiwandani. Narudi."

"Usipige simu kule."

"Sina mpango huo."

"Kuna mtu aliyemfungulia Tai maabara na kukata kengele. Bado hatumjui. Anaweza kuwa hapohapo kiwandani anasubiri usafiri. Ukipiga simu, utakuwa umempigia yeye."

"Nimekusikia."

Alirudi kwa njia ileile, mwendo wa kufa na kupona. Njiani alijaribu kumfikiria Kadogo, labda hofu ingekuja imchangamshe. Alimwona akijaribu kufunga kifungo cha gauni na vidole vinakataa. Aliiona picha yote, na chini yake hapakuwa na kitu. Alijichukia kidogo kwa hilo, kisha hata chuki nayo ikapoa.

Kiwanda kilikuwa jengo la bati lenye bomba refu la moshi. Aliingia na kofia ngumu kichwani. Joto la tanuri likampiga usoni. Watu waliovaa aproni walikuwa wakisukuma toroli za trei, mmoja anaimba, unga unaelea kwenye mwanga wa madirisha ya juu. Hakuna aliyemsimamisha, kwa sababu mtu anayetembea kama ana haki ya kuwepo mara nyingi haulizwi.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Uani, mwanamume kifua wazi alikuwa amenyanyua sufuria kubwa inayofuka. Chini yake ndoo mbili. Ya kwanza ilikuwa imeshamiminiwa, mvuke unapanda. Alikuwa anahamia ya pili.

"Wewe! Simama!"

Mwoshaji alishtuka, sufuria ikainama. Shangazi aliirukia, akaidaka kwa mkono mtupu, akaisukumia pembeni. Maji yakamwagika sakafuni yakichemka. Kiganja chake kiligeuka chekundu. Alikitazama kama cha mtu mwingine.

"Una wazimu?" mwoshaji alipiga kelele. "Umeungua, mama!"

"Ya pinki. Iko ndoo gani?"

"Pinki nini?"

"Nani huyo anapiga makelele jikoni kwangu?" Sauti ilitoka ndani, ikafuatwa na mzee mrefu mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Huyo ndiye Mwokaji. Aliona Glock, akaona maji sakafuni, na kilichomuudhi zaidi kilikuwa maji.

"Mzee," Shangazi alisema, "asubuhi umetupa hamira ya pinki. Umeitupa wapi?"

"Ile iliyooza?"

"Haikuoza."

"Mama, mimi nimezeekea kwenye hamira. Pinki ni ugonjwa. Ukiiona kwenye mfuko wako, unatupa mfuko, unaosha meza, unaosha na mikono. Sijawahi kumlisha mtu uozo, wala sianzi leo."

"Katika zote zile, hiyo ndiyo iliyokuwa nzima. Nyingine ndizo zilizougua."

Ungeweza kumwona mzee akitafuta mahali pa kuliweka neno hilo kichwani mwake na asipate. Kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo ya pili. Wizi aliupokea bila kuuliza mara mbili, lakini uozo aliukataa. Watu wana mipaka yao.

Shangazi alipiga magoti, akazamisha mkono. Maganda ya mayai. Unga uliochachuka. Vipande vya mkate vilivyoungua. Kinyunga chenye nyuzi kikamnata mpaka kwenye kiwiko. Alipapasa chini kabisa, na vidole vikagusa kitu kinachoteleza, kigumu kidogo, mfano wa jeli.

Akakitoa.

Kilikuwa kipande kilichomeguka cha jeli ya kuoteshea hamira kisahanini, kimepakwa unga. Alikifuta ukingo kwa dole gumba. Chini ya unga kulikuwa na rangi ya waridi.

"Naomba chombo kisafi, mzee."

Mwokaji alileta chupa ya jamu iliyooshwa, akaikausha kwanza kwa kitambaa, akainusa, ndipo akampa.

"Mimi waliniambia ni mchezo wa kodi tu," alisema. "Mambo ya forodha. Sikujua kuna mgonjwa."

"Utawaeleza wanaokuja." Shangazi alifunga chupa. "Kuna mgeni yeyote hapa, zaidi ya watu wako?"

"Yupo fundi mmoja kule stoo. Yule bwana wa tai alisema atapitiwa na gari. Ametulia, hana neno. Amekuja na begi la mtoto."

Shangazi alisimama. Aliirudia ile sentensi kichwani, neno kwa neno.

Begi la mtoto.

Stoo ilinuka ngano. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka juu, na kwenye gunia moja la chini alikaa mdogo wake, tumbo moja, baba yake Kadogo. Pale maabara walimwita Fundi Friji. Majokofu yote aliyajua kwa sauti zake. Ni yeye aliyepeleka damu ya mwanawe kwa Mama Hamira, yeye aliyemwambia Shangazi kwamba kuna tumaini. Magotini mwake kulikuwa na begi la zambarau lenye zipu iliyokufa, na mfukoni mwa shati zilichungulia pasipoti mbili.

"Dada," alisema.

"Mdogo wangu."

Aliiona chupa. Alielewa kabla hajaambiwa.

"Tai amekamatwa," Shangazi alisema. "Hakuna gari linalokuja kukupitisha wodini kumchukua Kadogo."

Vidole vyake vikaichezea ile zipu.

"Ile kengele umeikata wewe."

"Niliiunga mwenyewe. Haikunichukua muda."

"Na maji ya moto?"

Hapo aliinamisha kichwa. "Walisema akiba isibaki. Walisema wakiwa nayo peke yao watafanya haraka. Kadogo atakuwa wa kwanza kutibiwa, dada. Walinionyesha picha ya kitanda. Pembeni kuna dirisha, kuna mti."

"Picha ya kitanda."

"Usinicheke."

"Sicheki."

"Nilimzika mmoja huku nikiambiwa subiri. Mama yao akarudi kwao, hakuweza kutazama wa pili akienda njia ileile, na simlaumu. Mama Hamira naye anasema subiri. Wewe umeviona vidole vya mwanangu? Juzi kijiko kimemwanguka mara tatu, akaniangalia akatabasamu ili nisilie. Nitasubiri nini mimi?"

"Wangeichoma moto," Shangazi alisema.

"Nani kasema?"

"Wanauza sindano, mdogo wangu. Mtu akipona, watamuuzia nani?"

Alimtazama dada yake. Kisha akalitazama begi. Ungesema ndiyo kwanza analiona.

"Kwa hiyo nilikuwa naimwagia maji ya moto..."

Nje, kwa mbali, ving'ora vilianza kusikika.

"Dada, ule mlango unatokea barabarani," alisema harakaharaka. "Hakuna anayenijua zaidi yako. Hamira umeipata. Niache nipite. Ukinifunga mimi, Kadogo atabaki na nani?"

Redio ikakoroma begani.

"Shangazi. Hali?"

"Hamira ninayo. Nadhani iko hai."

"Na aliyefungua maabara? Yupo hapo?"

Shangazi hakubonyeza kitufe. Mdogo wake alikuwa amesimama, begi kifuani, anamtazama kama alivyomtazama zamani akivunja kitu nyumbani na kutaka dada aseme ni paka.

Alingoja uchungu uje umsaidie kuamua. Au hasira, au huruma, chochote. Hakuna kilichokuja. Alibaki na akili kavu peke yake, na akili ilimwambia kwamba Tai angemtaja kabla jua halijazama. Ilimwambia pia kwamba mtu aliyekwisha kuua akiba kwa ajili ya picha ya kitanda angeonyeshwa picha nyingine, naye angefungua mlango tena. Na mtoto wodini asingekuwa na kingine cha kuibiwa.

Alibonyeza.

"Yupo, Mkuu. Ni Fundi Friji."

Kikohozi.

"Shangazi... huyo si ndiye—"

"Ndiye."

Akaachia kitufe. "Nipe mikono."

Aliitoa bila ubishi. Pingu zililia mara mbili. Shangazi alizilegeza kidogo upande wa kulia, kwenye kovu la zamani la jiko, kisha akachukua begi.

"Mwambie nimesafiri kikazi," mdogo wake alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nakuomba, dada. Hicho tu."

"Nitamwambia ukweli."

"Ana miaka tisa!"

"Najua ana miaka mingapi."

Vijana wa idara waliingia mbio, bunduki mbele, wakapunguza mwendo walipoona pingu zimeshafungwa. Mmoja alitaka kusema pole, akamwangalia usoni, akaacha. Shangazi alipita katikati ya toroli za mikate ya moto, begi la zambarau begani, chupa ya jamu mkononi. Akavaa kofia yake, akawasha Yamaha, akaondoka bila kugeuka.

Mama Hamira alimpokea getini. Hakusalimia, alikwapua chupa akakimbia nayo ndani. Alipoinua jicho kutoka kwenye hadubini lilikuwa limelowa.

"Inachipua," alisema. "Imechanganyika na hamira ya mikate, chafu kweli, lakini nitaitenganisha. Ya waridi itajionyesha yenyewe." Akamshika Shangazi kiwiko. "Mdogo wako akija nitamkumbatia mpaka—"

"Hatakuja," Shangazi alisema, na akaeleza kwa maneno machache. Alimwacha Mama Hamira amesimama pale, kiganja mdomoni.

Wodini, jua la jioni lilikuwa limefika kitandani. Kadogo alikuwa amekaa ameegemea mto. Alipoona begi lake alicheka, halafu akachungulia nyuma ya Shangazi, mlangoni.

"Baba yuko wapi?" Sauti yake ilikuwa imekaa mstari mmoja, sauti ya mtu asiyeisikia mwenyewe.

Shangazi alivuta kiti mpaka mwanga ukamkaa usoni, ili midomo yake isomeke. Kisha akamwambia. Baba amekamatwa. Baba alifanya kosa kubwa, alilifanya kwa ajili yako, na bado ni kosa. Mimi ndiye niliyemfunga pingu.

"Rudia," alisema Kadogo.

Akarudia.

Mtoto alinyanyua mkono. Vidole havikukunjika vyote, kwa hiyo hata ngumi haikuwa ngumi kamili. Akampiga nayo kifuani.

Pigo lile lisingeua nzi. Lilimuuma. Lilimuuma Shangazi mpaka pumzi ikakatika, mpaka akashika chuma cha kitanda, na macho yaliyokuwa makavu tangu mazishi yakaanza kumwaga.

"Piga tena," alisema polepole, ili asome vizuri.

Kadogo akampiga tena.